Santuri na faili kwenye hedifoni nzuri: unachosikia, chanzo chake, na pa kuanzia kurekebisha

Hedifoni nzuri haifichi kitu. Spika za sebuleni zina zulia, ukuta na kelele za barabarani za kuzisitiri. Ukivaa Sennheiser HD 600 au Sony MDR-7506, kila kilichomo kwenye mfereji wa santuri kinakuingia sikioni, na makosa ya aliyefunga mashine yanaingia pamoja nacho. Ndiyo maana mtu akipata mashine ya santuri, akaisikiliza jioni moja na kuilinganisha na simu yake, huja na hukumu kali: ama santuri ni mikwaruzo mitupu, ama faili hazina roho. Ukichunguza, hukumu nyingi za aina hiyo zinahusu waya, sindano au kitufe cha sauti. Santuri na dijitali zenyewe bado hazijapimwa.

Basi tuanze na unachosikia, kisha turudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Kimoja kinapendeza zaidi, ila huwezi kusema kwa nini

Shuku ukubwa wa sauti kabla ya kitu kingine chochote. Sikio likipewa wimbo uleule mara mbili, mara ya pili umepandishwa desibeli moja tu, halikuambii kwamba huu una sauti kubwa. Linakuambia kwamba huu ni mzuri, una uhai, una nafasi. Kusawazisha kwa kukadiria na kitufe hakutoshi, maana desibeli moja ni ndogo mno kwa vidole.

Dawa ni kuirekodi santuri kwenye kompyuta. Unahitaji kadi ya sauti ya USB ya kawaida, kama zile za studio za mtaani, na programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Rekodi kwa biti 24, na sauti kubwa kabisa ya wimbo iishie desibeli 6 hivi chini ya kikomo. Kisha weka wimbo uleule kutoka CD kwenye mstari wa pili, na mistari yote miwili uipitishe kwenye kifaa cha Audacity kinachosawazisha ukubwa kwa kipimo cha LUFS, -20 inafaa. Sasa ukihama kutoka mstari mmoja kwenda wa pili, ukubwa wa sauti haukudanganyi tena.

Rekodi hiyo ina kazi ya pili, na kwangu mimi ndiyo kubwa. Cheza santuri, halafu cheza rekodi yake mwenyewe, mwenzako akikubadilishia bila kukuambia ipi ni ipi. Mikwaruzo ipo pande zote mbili, kwa hiyo haiwezi kukusaidia kuotea. Kama uzuri ulioupenda bado umo ndani ya faili, dijitali haikuua kitu: ilichokuta kwenye santuri imekinasa. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society jaribio la jamii hii. Walichukua sauti ya diski za SACD na DVD-Audio, ambazo kiwango chake ni cha juu kuliko CD, wakaipitisha kwenye kigeuzi cha biti 16 na kilohezi 44.1, yaani kiwango cha CD, wakawauliza wasikilizaji kama wanaona tofauti. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa asilimia 49.82. Ukirusha shilingi hewani utapata hivyohivyo.

Na jambo moja linalosahaulika sana: santuri na faili zipite kwenye amplifaya moja. HD 600 ina ukinzani wa omu 300, na simu nyingi haziwezi kuisukuma ipasavyo. Aliyesikiliza santuri kupitia amplifaya ya mezani na faili kupitia tundu la simu amelinganisha amplifaya mbili.

Santuri inasikika kwa mbali, nyembamba kama bati, besi hakuna

Umechomeka mashine moja kwa moja kwenye AUX. Katriji ya sumaku, yaani kile kichwa kidogo kinachoshika sindano, hutoa milivolti 3 hadi 5 hivi, wakati mashine ya CD hutoa volti 2. Lakini kupandisha sauti hakutakuokoa, kwa sababu ya mkunjo wa RIAA ambao viwanda vimeufuata tangu katikati ya miaka ya 1950. Mfereji unapokatwa, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa, karibu desibeli 20 kila upande mwishoni mwa masafa. Besi ikiachwa na nguvu zake zote ingechimba mawimbi mapana na kumaliza nafasi ya santuri. Na sauti za juu zikiongezwa, mchakacho wa plastiki huzama zinaporudishwa chini wakati wa kusikiliza. Kazi ya kurudisha ni ya amplifaya ya fono. Hiyo ndiyo unayoikosa.

Kinyume chake, besi ikivimba na kila kitu kikawa kimepasuka, una fono mbili. Mashine nyingi za siku hizi zina fono yake ndani, na swichi ya PHONO na LINE kwa nyuma. Swichi ikiwa LINE, chomeka AUX. Ikiwa PHONO, chomeka tundu la PHONO. Ni hivyo tu.

Mvumo usiokwisha

Kwenye spika mvumo mdogo humezwa na chumba. Kwenye hedifoni unakaa nao katikati ya kichwa wimbo mzima, hasa kwenye sehemu za taratibu.

Gusa chuma cha mkono wa sindano kwa kidole. Mvumo ukipungua, tafuta waya mwembamba wa ethi unaotoka kwenye mashine: ama haujafungwa kwenye skrubu ya amplifaya, ama umekatika ndani. Usipobadilika, inua sindano, na bila kuishusha usogeze mkono kutoka ukingoni kwenda katikati ya sahani. Mvumo unaopanda kadiri unavyosogea unatoka kwenye mota; katriji inanasa usumaku wake, na katriji nyingine zina udhaifu huo kuliko wenzake. Unaobaki palepale huenda ukatoka kwenye transfoma ya amplifaya iliyowekwa karibu mno. Tenganisha vyombo, hata kwa urefu wa mkono, usikilize tena.

Mvumo unaojitokeza wakati wa kurekodi tu, chomoa chaja ya laptopu. Ukinyamaza, una njia mbili za ethi zinazogombana, na unaweza kurekodi kwa betri.

Kuna pia ngurumo usiyoisikia bali unaihisi, kama mtu anakubonyeza masikio na kuachia. Hiyo ni santuri iliyopinda. Mpindo unaleta mitikisiko ya hezi chache tu, chini kabisa ya uwezo wa sikio, lakini kiwambo cha hedifoni kinaufuata na kuyumba. Amplifaya ya fono yenye kichujio cha chini ya hezi 20 inaumaliza. Kama haina, angalia kama katriji inaendana na mkono: mkono na katriji vinapaswa kutikisika vyenyewe kati ya hezi 8 na 12, juu ya mipindo na chini ya muziki. Katriji laini kwenye mkono mzito hushuka chini ya hapo na kuikuza kila kasoro.

Wimbo unaburuta, mwimbaji amekuwa na sauti ya mzee

Hapa kwetu hili lina chanzo chake maalumu. Mashine za mitumba kutoka Marekani zimetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60. Mwenye duka atakuuzia na transfoma ya kushusha umeme, na mashine itawaka bila moshi. Lakini transfoma inabadilisha volti, hezi haizigusi. Mota ya zamani inayofuata mwendo wa umeme itazunguka kwa hezi zetu 50, yaani tano ya sita ya mwendo wake. Santuri ya mizunguko 33⅓ inazunguka kama 27.8, na wimbo unashuka zaidi kidogo ya nusu toni tatu. Mpiga gitaa atalijua hilo kwa kufuatisha tu. Asiye mpiga gitaa atasema santuri ina "uzito" wa kupendeza.

Mashine za Japani zinachanganya zaidi, maana Japani yenyewe ina hezi 50 mashariki na 60 magharibi. Nyingi zina puli yenye ngazi mbili au swichi ya kuchagua, kwa hiyo angalia chini ya sahani kabla ya kukata tamaa. Zile ambazo mota huzungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, kwa kidhibiti cha kwatzi (quartz), hazijali kabisa. Zile za mkanda wa mpira ambazo mota yake inafuata umeme, na hazina puli ya pili, unahitaji puli nyingine ya kuchongwa, na mafundi wa kuchonga vyuma wanaiweza ukiwapelekea ya zamani na vipimo.

Kuburuta kwa kupanda na kushuka ni tatizo jingine: mkanda umelegea, au tundu la santuri haliko katikati. Tazama mkono wakati santuri inacheza. Ukienda kushoto na kulia kila mzunguko, tundu ndilo lenye kosa.

Tak, tak, tak

Tumia saa. Mlio unaorudi kila sekunde 1.8 uko kwenye santuri ya 33⅓, kwa sababu ndio muda wa mzunguko mmoja. Kwenye 45 ni sekunde 1.33, kwenye 78 ni kama 0.77. Huo ni mkwaruzo mmoja uliokatiza mifereji, na hautoki kwa kusafisha. Mlio unaotokea ovyo bila mpangilio ni vumbi au chaji ya umeme tuli, na huo unasafishika. Pwani, Mombasa, Tanga, Unguja, vumbi kavu si adui mkubwa. Adui ni ukungu unaoota ndani ya jalada na kushika mfereji kama utando wa kijivu. Maji yaliyokenekwa (distilled), tone la sabuni laini ya vyombo, brashi ya nyuzi laini, suuza, kausha wima. Santuri mpya za plastiki zinavumilia spiriti kidogo kwenye maji. Zile nzito za zamani za mizunguko 78, za enzi Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, usiziguse kwa spiriti hata kidogo: zimetengenezwa kwa utomvu wa lakri, na spiriti inauyeyusha.

Sasa ile saa igeuzie kwenye faili. Muziki wetu wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970 ulirekodiwa kwa wingi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na zilizobahatika kuwa santuri nyingi zilifyatuliwa Nairobi, kwa saizi ndogo ya 45, wimbo mmoja ukikatwa sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule. Faili unayoikuta mtandaoni leo mara nyingi imetoka kwenye santuri hiyohiyo ndogo, si kwenye kanda ya studio. Ukisikia tak kila sekunde 1.33, au wimbo ukafifia katikati na kuanza tena, unalinganisha santuri na santuri nyingine iliyochezwa na mtu usiyemjua, kwa sindano usiyoijua. Mshindi wa pambano hilo hakufundishi lolote kuhusu dijitali.

Na kwa santuri hizo hizo kuna tiba ya bure ambayo nashangaa haijulikani zaidi. Nyingi ni mono. Muziki wa mono umekatwa kwa kuyumbisha mfereji kushoto na kulia peke yake. Sindano yako ya stirio inasoma pia mwendo wa juu na chini, ambao kwenye santuri ya mono hauna muziki hata kidogo: ni vumbi, uchakavu, mtikisiko wa mota. Kwenye spika takataka hiyo hukaa katikati ya muziki. Kwenye hedifoni inatawanyika pande zote, mlio mmoja sikio la kushoto, mwingine la kulia, na muziki peke yake katikati, kwa hiyo masikio yanaifuata takataka. Bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya. Mwendo wa juu na chini unajifuta, mchakacho unashuka, na uliobaki unahamia katikati nyuma ya mwimbaji. Amplifaya isiyo na kitufe hicho, rekodi kisha uchanganye chaneli mbili kuwa moja kwenye Audacity. Fanya hivyo kwa santuri moja ya 45 iliyochoka, uvue hedifoni na kuivaa tena. Ni kama mtu amefunga dirisha.

Herufi "s" inakwaruza, zaidi mwishoni mwa upande

Ukingoni mwa LP, santuri kubwa ya 33⅓, mfereji unapita chini ya sindano kwa sentimita 51 kwa sekunde. Mwishoni karibu na lebo ni sentimita 21 tu. Mawimbi yaleyale ya "s" na matoazi yanabanwa kwenye nafasi chini ya nusu, na sindano ya ncha ya mviringo haiwezi kuingia kila kona. Kiasi fulani cha mkwaruzo hapo ni cha kimaumbile, na faili haina tatizo hilo kabisa. Ukilinganisha, linganisha wimbo wa kwanza wa upande, usichukue wa mwisho.

Ila kama "s" inakwaruza tangu wimbo wa kwanza, kagua kwa mpangilio huu. Uchafu kwenye ncha: tazama kwa lenzi, fagia kutoka nyuma kwenda mbele. Uzito: weka mizani ndogo ya dijitali, usiamini namba za mkono. Ortofon 2M Red inataka gramu 1.8, Audio-Technica AT-VM95E inataka 2.0. Watu hupunguza uzito wakidhani wanahurumia santuri, wakati sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kuutafuna. Halafu mkao wa katriji kwa karatasi ya kupangia. Mwisho umri: ncha ya almasi huishi saa 500 hadi 1,000 hivi, na ya mashine ya mitumba hujui imekula ngapi.

Vyote vikiwa sawa na mkwaruzo ukabaki kwenye santuri moja tu, mfereji umeshaliwa na sindano za wengine. Jaribu sindano ya ncha yenye umbo tofauti. Mara nyingine inagusa ukuta wa mfereji mahali ambapo hapajaguswa, na wimbo unafufuka.

Mwimbaji hakai katikati

Akiwa upande mmoja: badilisha waya za kushoto na kulia kwenye amplifaya. Tatizo likihama, liko kwenye mashine. Lisipohama, liko kwenye amplifaya au hedifoni. Akiwa hayuko popote, sauti imetanda nje ya kichwa na inakutia kizunguzungu: waya mbili nyuma ya katriji zimegeuzwa kwenye chaneli moja. Nyeupe ni kushoto chanya, bluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Kosa hili kwenye spika huonekana kama besi kupotea, lakini kwenye hedifoni besi inabaki, kwa hiyo wengi huliita "upana wa santuri" na kulisifu.

Faili ndiyo inayochosha

Kwanza toa Bluetooth. Kodeki yake ya kawaida, yaani njia ya kuibana sauti ili ipite hewani, ni SBC, nayo inaishia kilobiti 328 kwa sekunde. Mashine ya santuri yenye Bluetooth nayo inaigeuza santuri kuwa dijitali kabla haijakufikia. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu uzime ekolaiza na vinavyojiita viboreshaji sauti; vingi huja vimewashwa.

Pili, hakikisha faili ni ilivyojitambulisha. FLAC, aina ya faili isiyopoteza sauti, ikitengenezwa kutoka MP3 ya kilobiti 128 ni kubwa lakini ni ileile. Ifungue kwenye programu ya Spek: sauti ikikatika ghafla kama ukuta kwenye kilohezi 16, umejua.

Tatu, masta, yaani rekodi ya mwisho ambayo nakala zote hutolewa. Tangu miaka ya 1990 nyimbo nyingi zimebanwa ili zisikike kubwa kuliko za jirani, na albamu za zamani zikatolewa upya zimebanwa vivyo hivyo. Ngoma inapoteza pigo lake, na baada ya nyimbo chache masikio yanachoka. Tafuta CD ya toleo la miaka ya 1980 ya albamu ileile kabla hujailaumu dijitali. Usitegemee sana zile namba za DR zinazopima ubanaji: masta iliyobanwa ikikatwa kwenye santuri, vilele vyake vinabadilika umbo na namba inapanda, ingawa muziki ni uleule uliobanwa.

Vyombo vyote ni vizima na santuri bado inakuvuta

Inawezekana kabisa, na kuna sababu za kusikika. Mkataji wa santuri kwa kawaida huweka besi katikati, kwa sababu besi ya upande mmoja hurusha sindano. Kwenye hedifoni kila sikio linasikia chaneli yake tu, kwa hiyo besi iliyotupwa kushoto kwenye miksi za zamani inaudhi; santuri inakuondolea karaha hiyo. Pia huenda santuri yako imetoka kwenye masta tofauti, iliyotengenezwa kwa mkono mwingine.

Asili ya analogi peke yake ni maelezo dhaifu. Mwaka 2022 ilijulikana kwamba Mobile Fidelity ya Marekani, inayouza santuri za bei kubwa kwa watu wa masikio makali, ilikuwa imeanza mwaka 2011 kuweka nakala ya dijitali, ya aina iitwayo DSD, kati ya kanda na santuri kwenye baadhi ya matoleo yake. Waliokuwa wakizisifu hawakuligundua kwa kusikiliza.

Kama toleo la santuri ndilo bora, lirekodi likiwa bado zima, kwa sindano safi, na uhifadhi nakala moja isiyoguswa kabla hujaondoa hata tak moja. Programu za kufuta mikwaruzo hula pia kingo za matoazi na kucha za gitaa, na ukishahifadhi juu ya faili ya kwanza hakuna pa kurudi.